Chuoni nchini, ng'ambo au sekondari ya kusini: njia tatu za kuwa mtafiti wa aljebra ya kompyuta

Kwetu kusini, kijana mwenye jambo zito hamwendei baba kwanza. Anamwendea mjomba. Ndiyo maana mpwa wangu aliposhuka stendi ya Mkanaledi akitokea Dar es Salaam, alikuja moja kwa moja Shangani ninakoishi, begi likiwa bado mgongoni. Amemaliza shahada ya kwanza ya hisabati na GPA yake, yaani wastani wa alama, ni nzuri. Benki hataki, kampuni za gesi hataki. Anataka kufanya utafiti wa aljebra ya kompyuta maisha yake yote, na ana njia tatu zinazomvuta: abaki nchini awe mkufunzi msaidizi chuoni, atafute ufadhili aende ng'ambo, au aajiriwe sekondari huku Mtwara au Lindi na utafiti aufanye jioni.

Tulizungumza siku mbili, ming'oko ikichemka jikoni. Niliyomwambia nayaandika hapa kwa sababu najua hayuko peke yake. Niseme mapema kwamba mimi mwenyewe nilianza njia ya kwanza, nikaishia ya tatu. Ya pili naijua kupitia rafiki zangu wawili walioipita, kwa hiyo pale nitakapoisifu au kuiponda kupita kiasi, nisameheni.

Utafiti wenyewe ni upi?

Chukua gunia la korosho la kilo 80, ligawanye kwa ndugu watatu. Kikokotoo chenye desimali mbili kitasema 26.67 kwa kila mmoja. Sasa jumlisha: 80.01. Gramu kumi zimezaliwa hewani! Hesabu za makadirio huishi na kosa la namna hiyo, na zina kazi kubwa, kuanzia utabiri wa hali ya hewa hadi mtiririko wa gesi kwenye bomba litokalo Madimba kwenda Dar es Salaam. Aljebra ya kompyuta haikadirii. Huandika 80/3 na kuibeba hivyo hivyo hadi mwisho. Kipeuo cha pili cha 2 hubaki alama, x hubaki x, na jibu likitoka ni sahihi kabisa, bila "karibu na".

Hapo mtu husema: kumbe rahisi. Basi jaribu hili. Mnaikumbuka KKS ya shule ya msingi, kigawo kikubwa cha shirika? Polinomia nazo zina KKS. Chukua x⁸ + x⁶ − 3x⁴ − 3x³ + 8x² + 2x − 5, na 3x⁶ + 5x⁴ − 4x² − 9x + 21. Fuata njia ya kale ya Euclid (gawanya, chukua baki, gawanya tena kwa baki hilo), na ili kukwepa sehemu kama 80/3, kila hatua zidisha kwanza kabla ya kugawanya. Mwisho utagundua kwamba hazina kigawo cha pamoja ila namba tupu. Jibu jepesi. Lakini namba hiyo tupu utakayoishika mkononi ina tarakimu 35, ilhali ulipoanza namba kubwa kuliko zote ilikuwa 21. Mahesabu yamevimba kama mahindi makavu yaliyolowekwa.

Sehemu kubwa ya fani hii ni kupambana na uvimbe huo. Mwaka 1965, mwanafunzi mmoja wa Innsbruck, Austria, Bruno Buchberger, alionyesha katika tasnifu yake algoriti, yaani mfuatano wa hatua za kukokotoa, ya kupanga upya mfumo wa milinganyo ya polinomia hadi majibu yake yasomeke. Seti hizo zilizopangwa upya alizipa jina la msimamizi wake, Wolfgang Gröbner. Ni algoriti nzuri mno, ila katika hali mbaya ukubwa wa kazi hupanda kwa kipeo juu ya kipeo, na hadi leo watu wanaandika makala za kuipunguzia mzigo. Miaka michache baadaye Robert Risch alitoa njia ya kuamua kama integrali fulani inaweza kuandikwa kwa fomula za kawaida au haiwezekani kamwe. Aliyesoma hisabati ya juu kidato cha sita akahangaika na integrali ya e kwa kipeo cha x², ajisamehe: haiandikiki.

Vigezo nilivyotumia

Wengi huanza kuulizia vifaa. Katika fani hii vifaa si kikwazo kikubwa. Hakuna maabara wala kemikali. Programu nzuri nyingi ni huria na hazilipiwi: SageMath iliyoanzishwa na William Stein mwaka 2005, GAP iliyozaliwa Aachen mwaka 1986, Singular ya Kaiserslautern, Maxima ambayo asili yake ni Macsyma ya MIT ya miaka ya 1960, na PARI/GP ambayo unaweza kuiweka hata kwenye simu. Makala mpya huwekwa arXiv, hazina iliyo wazi tangu 1991, yenye rafu yake maalumu ya fani hii. Kijana wa Newala mwenye laptopu ya mtumba ana karibu kila alichonacho mwenzake wa Linz, Austria, isipokuwa mtu wa kumsomea hoja zake na kumwambia mstari wa tatu umekosea.

Kwa hiyo kigezo changu cha kwanza ni mtu: nani atakusimamia, na yuko umbali gani. Cha pili ni fedha na muda. Cha tatu ni siku ilivyo, yaani kazi unayoifanya Jumanne ya kawaida, si siku ya mahafali. Cha nne ni mwisho wa njia: miaka kumi ikipita uko wapi, na nyumbani ni wapi.

Njia ya kwanza: mkufunzi msaidizi chuoni nchini

*Mtu.* Hapa ndipo pagumu. Hisabati ya vyuo vyetu imeelemea modeli: malaria inavyoenea, maji yanavyopita, fedha zinavyozunguka. Ni kazi za maana, na nchi inazihitaji. Waaljebra wapo lakini wachache, na waaljebra wanaoandika programu ni wachache zaidi. Unaweza kupata msimamizi mahiri wa nadharia ya vikundi ambaye GAP hajawahi kuifungua, ikabidi umfundishe huku anakufundisha. Si vibaya, ila ni polepole.

Kuna dirisha moja la kuliangalia. Mpango wa hisabati wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, ulioanza 2002 na unaojulikana kwa kifupi EAUMP, umeunganisha vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Rwanda na Zambia, ukisaidiwa kwa miaka mingi na programu ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Mfumo wake maarufu huitwa sandwichi: unasajiliwa nyumbani, kisha kila mwaka unakwenda kukaa miezi kadhaa kwa msimamizi wa pili ng'ambo. Kabla ya kuutegemea, uliza idarani kama kuna nafasi kwa mwaka wako na kwa mada yako. Shule fupi za CIMPA, taasisi ya Ufaransa iliyoanza 1978, nazo huja ukanda wetu mara kwa mara. Wiki mbili tu, ila unaweza kutoka na anwani ya mtu mmoja atakayejibu barua zako miaka mitano.

*Fedha na muda.* Mshahara unaanza mwezi wa kwanza, na hilo kwa mtoto wa mkulima si dogo. Mlango wake ni mwembamba: kwa ukufunzi msaidizi huangaliwa GPA isiyopungua 3.8 ya shahada ya kwanza, na ukitaka kupanda kuwa mhadhiri msaidizi, uzamili wa 4.0. Ukikosa kwa nukta moja, hakuna wa kukuonea huruma. Na nafasi zenyewe, zikitangazwa, mnakutana wengi kwenye usaili. Muda wa uzamivu nao hunyooka kama mpira, kwa sababu ninayoieleza sasa.

*Siku ilivyo.* Nilipokuwa mkufunzi msaidizi, katika chuo nisichokitaja, muhula mmoja nilipewa semina za masomo manne. Wanafunzi mamia. Kila Ijumaa nilibeba marundo ya majaribio nyumbani. Daftari langu la utafiti lilikaa mezani hadi vumbi likaandika juu yake kabla yangu. Mwenzangu wa ofisi ile ile alimudu, kwa kuwa aliamka saa kumi alfajiri kila siku na kufanya utafiti hadi saa moja. Leo ni daktari. Mimi alfajiri si mtu wa kuaminika.

*Mwisho wa njia.* Ngazi iko wazi: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Ajira ni ya kudumu. Ukitaka kuwa karibu na nyumbani, Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris kipo hapa Mtwara tangu 2009, ingawa mkazo wake mkubwa ni ualimu.

Inamfaa mwenye GPA ya juu, anayependa kufundisha watu wazima, mwenye nidhamu ya kulinda saa mbili za siku kama mtu anavyolinda shamba la mihogo dhidi ya ngedere.

Njia ya pili: ng'ambo

*Mtu.* Kwa kigezo hiki, njia hii inaziacha nyingine mbali. Buchberger yule yule alianzisha mwaka 1987 taasisi ya utafiti wa fani hii, RISC, ya Chuo Kikuu cha Linz, yenye makao yake katika kasri la zamani la Hagenberg. Ujerumani, vyuo vya Kaiserslautern, Aachen na Saarbrücken vimeungana tangu 2017 katika mradi mkubwa wa zana za aljebra ya kompyuta. Sehemu kama hizo, aliyeandika programu unayoitumia anaweza kuwa mlango wa pili kutoka kwako. Swali ambalo ungelihangaikia mwezi mzima ukiwa Masasi, unalimaliza wakati maji ya chai yanachemka.

Si lazima uruke mara moja. Zipo ngazi za katikati. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, ilifungua kituo cha kwanza Muizenberg karibu na Cape Town mwaka 2003, na kituo kilicho jirani nasi kiko Kigali. Hutoa uzamili wa muda mfupi kwa ufadhili kamili, na wahadhiri huja kwa zamu kutoka pande zote za dunia. Kila mhadhiri wa zamu ni msimamizi mtarajiwa. Rafiki yangu mmoja alipata nafasi ya uzamivu kwa kumsindikiza mgeni sokoni kununua matunda. Nyingine ni ICTP ya Trieste, Italia, aliyoianzisha Mpakistani Abdus Salam mwaka 1964, ambako kuna stashahada ya mwaka mmoja kwa vijana wa nchi zinazoendelea, hisabati ikiwamo.

*Fedha na muda.* Ujerumani na Austria, mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi ni mwajiriwa mwenye mkataba na mshahara. Wengine huenda kwa ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanavyuo. Kwa kawaida ni miaka mitatu hadi minne, na huendi ukasahihisha mamia ya majaribio. Tatizo ni fedha ya kabla ya fedha: pasipoti, nakala za vyeti, mtihani wa Kiingereza, safari za Dar es Salaam za ubalozini, kila moja zaidi ya kilomita 500 kwenda na nyingine kurudi. Wapo waliopata barua ya kukubaliwa wakakwama hapo. Mtu wa kusini aanze kuiweka akiba hiyo msimu wa korosho mmoja kabla, maana mshahara wa ng'ambo hauji kukuchukua kwenu.

*Siku ilivyo.* Upweke na swali moja. Mradi wako unaweza kuwa kupunguza kumbukumbu ya kompyuta inayoliwa na algoriti moja kwenye aina moja ya milinganyo. Unaiwasha Jumatatu, Jumatano kompyuta inasimama imejaa. Hakuna anayekukaripia, na hilo wengine huliona gumu kuliko kukaripiwa. Baridi sitaieleza.

*Mwisho wa njia.* Hapa vijana hawaambiwi ukweli wote. Baada ya uzamivu huja mikataba ya utafiti ya mwaka mmoja, miwili, mitatu, kila mmoja mji wake. Ujerumani sheria inaweka kikomo cha jumla kwa mikataba ya muda ya aina hiyo: miaka sita kabla ya uzamivu na sita baada yake. Nafasi za kudumu ni chache na wanaozitaka wanatoka kila bara. Na ukirudi nyumbani, shahada ya nje hupitia TCU, tume ya vyuo vikuu, kutambuliwa, halafu mezani wataulizia tena ile GPA yako ya shahada ya kwanza. Hagenberg haifuti 3.6.

Inamfaa ambaye swali lenyewe limemshika koo, anayeweza kukaa mbali na msiba na harusi za kwao miaka kadhaa bila moyo kupasuka.

Njia ya tatu: sekondari ya kusini, utafiti jioni

*Mtu.* Hakuna msimamizi mlango wa pili, wala wilaya ya pili. Kilichopo ni jumuiya za programu huria. SymPy, kwa mfano, ni programu ya aljebra iliyoandikwa kwa lugha ya Python, na kila badiliko linalopendekezwa husomwa na watu wengine hadharani kabla ya kupokelewa. Nilituma rekebisho langu la kwanza la mistari kumi na mbili. Lilirudi na maoni ishirini. Nilinuna siku mbili. Nilipoyasoma upya nikaona sijawahi kusahihishwa vizuri hivyo tangu nizaliwe. Ila tuwe wakweli: watakusahihishia programu, hawatakulea hadi uthibitisho wako wa kurasa thelathini usimame.

*Fedha na muda.* Mshahara wa mwalimu, hakuna ada, na bando ni juu yako. Zipo posho za msimu kupitia mpango wa Google wa programu huria ambao SymPy imeshiriki tangu 2007. Ushindani ni mkali lakini hawakuulizi unaishi mji gani.

*Siku ilivyo.* Vipindi, maandalio, mock, na hisabati ya kidato cha nne ambayo kila mwaka ndiyo inayoturudisha nyuma. Jioni ndiyo yako, umeme ukiwepo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika pande za Somanga, na siku chache baadaye nyaya za intaneti za baharini nazo zikakatika. Kwa siku kadhaa mtafiti wa Mtwara alibaki na alichokuwa nacho kwenye laptopu. Tangu hapo najiwekea makala na miongozo yote humo humo. SageMath ni nzito kuipakua, utakula bando lote. SymPy na PARI/GP ni nyepesi.

*Mwisho wa njia.* Cheo cha kitaaluma hakipo. Kipo kitu kingine: jina lako ndani ya programu inayotumiwa duniani, ambalo mtu yeyote anaweza kulikagua. Barua ya kuomba uzamivu yenye kazi ya namna hiyo husomwa. Vituo vya Chuo Kikuu Huria vipo Mtwara na Lindi kwa anayetaka kuendelea na shahada bila kuacha kazi.

Inamfaa mwenye wazazi au watoto wa kuwatazama, na anayefurahi mtoto wa Kitangari akielewa logi. Haimfai anayehitaji kuitwa daktari. Atajisikia vibaya kila kikao.

Kwa hali yako

Kama GPA yako ni 3.8 au zaidi na kuna tangazo la nafasi mwaka huu, omba. Lakini siku ya kwanza kazini uliza ni nani katika idara anayesoma aljebra. Wakikutajia mtu aliyestaafu, anza kuandika barua za nje kabla hujazoea mshahara.

Kama GPA imeangukia 3.5 hadi 3.7, njia ya kwanza karibu imefungwa, na kuisubiri ni kupoteza miaka. AIMS, au njia ya tatu kwa mwaka mmoja au miwili ukijijengea kazi inayoonekana, ina mantiki zaidi.

Kama wewe ndiye kitinda mimba na mama yuko peke yake Nachingwea, usikubali mtu akuite mwoga kwa kubaki. Njia ya tatu ina mlango wa kutokea; kufiwa ukiwa Linz hakuna.

Kama tayari una barua mbili, ya ajira nchini na ya uzamivu nje, isome ile ya nje mara ya pili utafute jina la msimamizi. Tafuta makala zake tatu za karibuni, na wanafunzi wake waliomaliza wako wapi. Barua isiyo na jina la mtu, ya kwenu au ya ng'ambo, iwe ya mwisho katika orodha.

Na kama hujui hata kama fani yenyewe unaipenda, chukua zile polinomia mbili za juu, karatasi na kalamu, bila kompyuta. Fika kwenye namba ya tarakimu 35 kwa mkono. Mpwa wangu alifika hatua ya tatu usiku wa pili, akakosea ishara moja, akaanza upya bila mtu kumwambia.